Chourio Hakustahili Kutemwa Mei

Wengi wanasema ligi yetu ya fantasi ya besiboli ya 2024 iliamuliwa Septemba. Mimi nasema iliamuliwa wiki ya mwisho ya Mei, meneja mwenzetu alipomtema Jackson Chourio, kinda wa Milwaukee Brewers, ili apate nafasi ya mrushaji wa kufunga mechi. Sisi ni timu 12, na kila timu hubaki na wachezaji 6 kwa msimu unaofuata. Kwenye ligi ya namna hii, kumwachia mpigaji wa miaka 20 kwa tamaa ya seivu chache ni kosa, wala halina jina jingine.

Tuirudie siku ile. Wastani wa Chourio ulikuwa karibu .210. Alikuwa akifukuza mipira ya nje ya eneo, na kocha alikuwa akimpanga chini kwenye orodha ya wapigaji. Meneja wetu aliyaona hayo yote, na aliyaona sawasawa. Asichokiangalia ni mkataba. Desemba 2023, kabla kijana hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu, Brewers walimpa miaka 8 kwa dola milioni 82.

Mkataba huo ndio uliobeba jibu. Sote tunajua klabu zinavyowaficha makinda ligi ndogo ili zichelewe kuwalipa. Chicago Cubs walimpandisha Kris Bryant tarehe 17 Aprili 2015, akapungukiwa na siku moja tu kati ya 172 zinazohesabiwa kuwa mwaka kamili, nao wakavuna mwaka mzima wa ziada wa kummiliki. Hadi leo jambo lile linanikera. Kwa Chourio, hila hiyo haikuwa na faida tena, kwa sababu pesa zilishaandikwa. Brewers walikuwa na kila sababu ya kumwacha acheze na ajifunze palepale juu. Kinda mwenye uhakika wa zamu, mwenye miguu ya kuiba besi, na ambaye wastani wake umeshuka, ndiye hasa unayepaswa kumtafuta Mei. Meneja wetu alikuwa naye mkononi, akamwachia.

Mwisho wa msimu mmeuona: .275, homurani 21, besi 22 za kuiba, mchezaji mdogo kuliko wote katika historia kufikisha 20 na 20 kwa msimu mmoja. Aliyemwokota akabaki naye, na 2025 akapata 21 na 21 tena.



Sasa, Chourio alipaswa kuchukuliwa lini? Jibu langu ni Julai 2023. Nusu ya kwanza ya msimu ule, ligi ndogo ya Double-A aliyochezea huko Biloxi ilikuwa kwenye majaribio ya mpira wenye unato, na warushaji walikuwa wakiwatesa wapigaji. Baada ya mapumziko ya katikati ya msimu mpira wa kawaida ukarudi, na Chourio akaamka. Alimaliza na homurani 22 na besi 43 akiwa na miaka 19, dhidi ya watu wazima. Ukisubiri habari za kupandishwa, unashindana na mameneja 11 wengine. Ukifuatilia Double-A, unashindana na wawili au watatu. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba orodha za makinda 100 bora huja zikiwa zimechelewa: zikishamtaja mchezaji, bei yake imeshapanda.

Na kuhusu warushaji wa kufunga mechi nitasema tena niliyoyasema miaka yote. Kazi yao inategemea imani ya kocha, na imani hiyo huisha kwa wiki moja mbaya. Seivu zinapatikana sokoni kila mwezi. Chourio hapatikani.

Kanuni yangu ni zamu 400. Mpigaji aliyetamba Double-A akiwa mdogo kuliko wenzake simhukumu kabla ya hapo, maadamu klabu inampanga. Mike Trout alipiga .220 katika mechi 40 za 2011. Mwaka uliofuata akapiga .326 kwa homurani 30 na besi 49. Aaron Judge alipiga .179 mwaka 2016, akatolewa kwa straiki mara 42 katika zamu rasmi 84. 2017 akapiga homurani 52. Waliowatema walikuwa na takwimu za kujitetea, kama alivyokuwa nazo mwenzetu.

Leo tuna takwimu nyingi kuliko Leo Durocher, kocha wa zamani wa New York Giants, lakini sijaona meneja wa kumfikia. Mei 1951 alimpandisha kinda Willie Mays kutoka ligi ndogo huko Minneapolis, ambako kijana alikuwa akipiga .477. Mays akakosa zamu zake 12 za kwanza zote. Akampiga mrushaji Warren Spahn homurani, kisha akakauka tena. Kijana alilia, na Durocher akamwambia kwamba uwanja wa kati ni wake. Msimu huo Mays alimaliza na homurani 20 na tuzo ya mchezaji mpya bora. Durocher alijua alichokiona Minneapolis, na zamu 12 hazikumfanya akisahau. Mwenzetu alikiona cha Biloxi, akakisahau Mei.