Nyirinyiri na Hesabu ya Nundu

Modogashe ni mji mdogo ulioko mpakani mwa Garissa na Isiolo, katika njia iendayo Wajir, na msafiri ashukaye hapo wakati wa kiangazi hahitaji kuambiwa kwamba nyama mbichi, kwa joto lile na pasipo barafu, haiaminiki hata kufika jioni. Ilhali katika nyumba za Wasomali wa huko, na za Waborana walio jirani zao, yamo maarifa ya kuihifadhi nyama hiyo hiyo kwa miezi kadhaa, nayo huitwa nyirinyiri.

Kazi huanza kwa kisu. Mnofu wa ngamia au wa ng'ombe hukatwa mapande marefu membamba, ukatiwa chumvi na kuanikwa kambani penye upepo, hata ukishakauka hukatwakatwa tena vipande vidogo mfano wa punje za mahindi. Kisha nundu ya ngamia huyeyushwa sufuriani, vipande vikatumbukizwa humo, na mama mpishi, asiye na saa wala kipimajoto, husikiliza. Kwani maadamu nyama ina maji, mafuta hutoa povu na mlio, na povu likikoma na mlio ukanyamaza, hujua kwamba maji yamekwisha. Kipimo hicho ni sahihi kabisa, kwa kuwa maji huchemka na kutoka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na mafuta hayatulii mpaka yatoke. Takriban robo tatu ya mnofu ni maji. Ndiyo sababu kilo 4 za nyama mbichi hurudi kuwa kiasi cha kilo 1 zikikaushwa vizuri, na vijidudu vya uozo, vikikosa maji, haviwezi kuzaana. Baada ya iliki na kitunguu saumu kutiwa, nyama humiminwa chomboni na mafuta yake mpaka izame, nayo mafuta yakiganda huizuilia hewa na unyevu.

Wasomali wamekitukuza chakula hiki hata kukiingiza katika harusi: chombo kiitwacho xeedho hujazwa nyama ya namna hii, ikafunikwa kwa tende, kisha kikafungwa kwa kamba yenye mafundo ambayo jamaa za bwana arusi sharti wayafungue.

Sasa nije katika riziki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, walio wengi wakiwa kaskazini. Na katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Mtu aliye mbali husema: kwa nini wasingechinjwa wakafanywa nyirinyiri? Hapa ndipo fikira hupotoka, maana nyirinyiri hudai mafuta, na mnyama aliyekonda hana. Nundu huinama na kwisha siku nyingi kabla ngamia hajaanguka. Akina mama hulazimika basi kununua mafuta ya dukani kwa fedha wasizokuwa nazo, na faida ya jasho lao humwendea mwenye duka. Kufundishwa kukausha nyama hawahitaji kabisa, na semina za aina hiyo naziona ni taksiri ya mali.

Kinachohitajika ni mnyama kununuliwa mwanzo wa kiangazi akiwa na nyama yake, kuchinjwa mahali penye mkaguzi, na bidhaa kutiwa katika vyombo vidogo visivyopenywa na hewa wala mwanga, vitu viwili ambavyo huharibu ladha ya mafuta, fauka ya kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), ambayo pasipo hiyo duka kubwa la Nairobi halitaipokea. Mzigo huo ni mwepesi, hauhitaji barafu, nao utafika salama mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambako wanunuzi wanaoijua ladha yake ni wengi.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka na wahisani: fedha za kununulia mifugo zifike Modogashe nundu zikiwa bado zimesimama.