Wapiga Hodi wa Vancouver

Mbawakawa wa Japani ni mdudu wa kupendeza machoni: kijani kinachong'aa, mabawa rangi ya shaba. Akitua kwenye mwaridi au mzabibu hula jani lote, akabakiza mishipa. Vancouver, Kanada, alionekana mwaka 2017, na tangu hapo kuna watu wanaomfuata mtaa kwa mtaa.

Kutundika mitego, kuikagua na kuhesabu walionaswa ni kazi ya kuchosha, lakini si ngumu. Ugumu uko ardhini. Jike hutaga udongoni, na mabuu hula mizizi ya nyasi pasipo mtu kujua. Dawa ya chenga ya kuua mabuu lazima iwekwe kabla mayai hayajaanguliwa, tena ndani ya nyua za watu. Basi mfanyakazi hupiga hodi kwa mtu asiyemfahamu, akaulizwa kuhusu mbwa, nyuki na watoto, na akajibu kwa upole uleule aliojibu nao nyumba iliyotangulia. (Mimi ningeshachoka mlango wa tatu.) Ua mmoja ukirukwa, mdudu amepata makao.

Wakazi nao wana mzigo wao: udongo hautoki eneo la karantini bila kibali, na wakati wa kiangazi hata majani yaliyokatwa hayapelekwi popote mtu apendapo.

Mwaka 2018 mitego ilinasa mbawakawa zaidi ya 8,000. Baadaye idadi ikashuka sana. Kisha mwaka 2022 mdudu huyo akaonekana Port Coquitlam, mashariki ya jiji, na mitego ikatundikwa huko pia.