Maji ya Kinjeketile: Urithi, Utunzi na Umma

Katika semina moja ya itikadi huko Kisaki, tulipomaliza kusoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ndugu Ebrahim Hussein, kijana mmoja alisimama akauliza: ikiwa Kinjikitile alikuwapo, vita vilikuwapo, na wazee walikwisha kuyasimulia yote, basi mwandishi ametunga nini? Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango alijibu kwa swali lake mwenyewe: na huyo Kinjikitile naye, maji aliyatoa wapi?

Siku ile niliyajibu maswali hayo kwa haraka. Leo nataka kuyajibu ipasavyo, maana kada asiyejua fikra mpya hutoka wapi hawezi kuhakiki kitabu, wala hotuba.

Tuanze na swali la mzee. Katika milima ya Uluguru kulikuwa na Kolelo, mzimu ulioendewa na Waluguru, Wakutu na Wazaramo kuomba mvua na rutuba ya mashamba. Kwenye Mto Rufiji aliheshimiwa Bokero kwa haja zilezile. Ilikuwa imani ya wakulima, iliyofungamana na mbegu, mvua na mavuno. Mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kupandwa na Hongo, alipoanza kugawa maji, hakuyabuni hewani. Alichukua kitu ambacho umma ulikuwa nacho tayari, akakipa kazi mpya. Dawa ya kustawisha shamba ikawa dawa ya kumkinga mpiganaji na risasi. Safari ya kwenda kuomba mvua, ambayo tangu zamani iliwakutanisha watu wa makabila mbalimbali, ikawa njia ya kupitishia siri ya vita.

Mabadiliko hayo hayakutokana na ndoto ya mtu mmoja. Yalitokana na kodi, viboko na pamba ya kulazimishwa. Julai 1905 wakulima wa Nandete waling'oa pamba ya Mdachi, na habari zikaenea Uzaramo kwamba Kolelo naye amekataza kodi isilipwe. Mzimu wa mvua umeingia katika siasa! Anayeuita ushirikina mtupu, akaishia hapo, hajaeleza lolote.

Sasa turudi kwa kijana. Ndugu Hussein alichapisha tamthilia yake mwaka 1969, wakati ambapo wanahistoria kama G.C.K. Gwassa walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee wa kusini. Aliikuta hadithi, lakini hakuiacha kama alivyoikuta. Alimwita mhusika wake Kinjeketile, akaonya katika utangulizi kwamba huyu si yule wa historia. Yule wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga; hakuyaona maangamizi ya Mahenge mwishoni mwa mwezi uleule. Huyu wa jukwaani anaachwa hai mpaka umma umekwisha kushindwa, ili aulizwe swali ambalo historia haikumpa nafasi ya kuulizwa: je, atakiri kwamba maji yalikuwa uongo? Anakataa, kwa kuwa ungamo lake lingekuwa silaha ya adui dhidi ya vizazi vijavyo. Kijana anayeuliza mwandishi ametunga nini, jibu lake ni hilo. Kifo kimesogezwa, na kwa kukisogeza tu, swali la nguvu ya fikra ndani ya umma limezaliwa.

Hata hivyo tamthilia ina upungufu, na heshima tuliyo nayo kwa mwandishi isituzuie kuusema. Onyesho la kwanza limesimama imara: wanawake wanazungumza juu ya njaa, na tunaona uchumi wa kikoloni ukiingia hadi jikoni. Lakini kadiri mchezo unavyoendelea, mgogoro unahama kutoka shambani na kuingia moyoni mwa mtu mmoja mwenye mashaka. Wakulima wanabaki kundi lenye haraka ya vita. Njia za Kolelo na Bokero, yaani namna umma wenyewe ulivyojiunganisha, hazionekani vya kutosha. Hapo mtunzi amechukua maji, akaacha chemchemi. Mtunzi mwingine ana haki, nami nasema ana wajibu, wa kuirudia hadithi hii kutoka upande huo.

Kurudia kwenyewe kuna namna zake. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, hakuandika wafanyabiashara. Aliandika Mabepari wa Venisi, na neno moja likamweka mtazamaji wa Tanzania mahali papya pa kutazamia. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1962, alilichukua neno ujamaa, neno la nyumbani la undugu wa damu, akalipa mabega ya kubeba nadharia ya taifa zima.

Kikundi kimoja cha vijana wa palepale Kisaki kilitufundisha namna iliyo mbaya. Walitaka igizo juu ya matatizo ya mashamba yao. Wakachukua maonyesho ya Kinjeketile karibu yote, wakaondoa Mdachi, wakaweka mlanguzi wa mazao, na maji wakayaacha vilevile. Watazamaji walipiga makofi ya adabu. Mlanguzi hapigi risasi. Maji yale yalikuwa ya kumkinga nani na nini? Walikuwa wameazima vazi bila kupima mwili.

Nilipowaeleza hivyo walinuna, hasa kiongozi wao. Baadaye walimfuata yule mzee wa mlangoni, wakamwomba awasimulie safari za Kolelo: nani aliteuliwa kwenda, alibeba nini, na kijiji kilichangaje. Igizo lao la pili linaanza na wanakijiji wakibishana nani achangie mbegu.