Kofia ya baiskeli na ile asilimia 85: tusome utafiti tukiwa Tunduma

Ukitafuta habari za kofia ngumu za baiskeli, haichukui muda utakutana na asilimia 85. "Kofia inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 85." Na ukiitaja mbele ya watu, kuna jibu ambalo halikosi: "Mbona Waholanzi wanaendesha baiskeli kila siku, hawavai kofia, na wako salama?"

Hebu tuzichambue hoja zote mbili, na tuzipime kwa mtu mmoja tunayemfahamu wote. Ametoka Mpemba asubuhi, gunia liko kwenye keria, anaingia Tunduma kwa barabara kuu ya TANZAM. Kushoto kwake kuna malori yaliyopaki yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kulia kwake kuna semitrela inataka kumpita. Je, huyu avae kofia?

Namba ilitoka wapi

Asilimia 85 ilitoka Seattle, Marekani. Mwaka 1989 Robert Thompson, Frederick Rivara na Diane Thompson walichapisha utafiti wao kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua waendesha baiskeli 235 walioumia kichwa na kufika hospitali, wakawalinganisha na 433 waliofika hospitali kwa ajali za baiskeli lakini wameumia sehemu nyingine za mwili. Kisha wakaongeza kundi la tatu la watu 558 waliowahi kupata ajali ya baiskeli, wawe walienda hospitali au la.

Katika walioumia kichwa, asilimia 7 tu walikuwa wamevaa kofia. Katika walioumia kwingine, asilimia 24. Tupige hesabu ya haraka. Kundi la kwanza: 7 waliovaa kwa 93 wasiovaa, sawa na 0.075. Kundi la pili: 24 kwa 76, sawa na 0.316. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.24. Yaani uwezekano wa kuumia kichwa umepungua kwa asilimia 76 hivi. Baada ya kusawazisha umri, jinsia, kipato, elimu, uzoefu wa kuendesha na ukubwa wa ajali, ndipo wakafika 85.

Ni kazi nzuri, wala hatuidharau. Ila kuna mambo matatu ambayo anayeinukuu huwa anayaacha.

La kwanza, hiyo 85 ina mipaka mipana. Watafiti wenyewe waliandika kwamba jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 71 na 93. Namba moja kwenye kipeperushi inaficha hilo.

La pili, hakuna aliyepiga kura nani avae na nani asivae. Walivaa waliotaka kuvaa. Mtu anayenunua kofia huenda pia ni mwangalifu zaidi, au anapita njia zenye utulivu. Ukisawazisha kipato na umri unapunguza tatizo hilo, lakini hulimalizi.

La tatu, na ndilo kubwa, utafiti ule unajibu swali hili: ukishapata ajali, kofia inasaidia kichwa? Haujibu swali la pili: kwa nini umepata ajali? Kwa mtu wetu wa Mpemba, swali la pili lina uzito sana.

Baadaye zilikuja tathmini kubwa zaidi. Mwaka 2017 Jake Olivier na Prudence Creighton walichapisha muhtasari wa tafiti 40, zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliopata majeraha. Waligundua kwamba kofia inaendana na upungufu wa asilimia 51 kwa majeraha ya kichwa kwa ujumla, 69 kwa yale mabaya, na 65 kwa majeraha ya kichwa yanayoua. Kwa hiyo 85 ingestahili kustaafu sasa. Lakini angalia: hata 51 siyo kidogo. Anayesema kofia haina maana hana pa kusimamia.

Kofia inafanya nini hasa

Ndani ya kofia ya baiskeli kuna povu gumu jeupe, kama lile linalowekwa ndani ya boksi la TV. Kazi yake ni kubonyea. Likibonyea, kichwa kinapata sentimita moja au mbili za kusimamia badala ya kusimama ghafla.

Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 kinaipima kofia kwa kuiangusha ikiwa na kichwa cha bandia ndani, ikigonga chuma bapa kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 1.5, yaani karibu na kichwa cha mtu aliye juu ya baiskeli. Kwa kasi hiyo, kichwa kikisimama ndani ya milimita 3, mshtuko wa wastani ni kama mara 500 ya mvutano wa dunia. Kikipata sentimita 2, unashuka hadi kama mara 75. Tofauti hiyo inatokana na povu la kawaida kabisa.

Lakini soma tena kipimo: mita 5.42 kwa sekunde ni chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa. Kofia imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Umekanyaga shimo, mnyororo umekatika, mbuzi amekatiza, kichwa kimegonga lami. Nishati ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kilomita 80 kwa saa ina nishati mara 16 ya kilomita 20. Na tairi la semitrela likipita juu ya kifua, kofia haihusiki tena.

Na Waholanzi je?

Hoja ya Uholanzi nayo imekatwa katikati. Ni kweli wengi kule hawavai kofia. Kisichosemwa ni kwamba mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani nchini humo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliandamana, na kampeni yao ikaitwa "Acheni kuua watoto". Baada ya hapo serikali na miji ilianza kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari na kupunguza kasi mitaani, kazi iliyochukua miongo.

Kwa hiyo anayesema "Waholanzi hawavai" na kuishia hapo amechukua matokeo akaacha sababu. Huwezi kuazima vichwa wazi vya Amsterdam ukavileta kwenye barabara ya TANZAM bila kuleta na njia zao.

Tuiweke kwenye sheria?

Kwa pikipiki jibu liko wazi. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba kofia inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae, na hapo hatuna ubishi. Bodaboda bila kofia ni kucheza na maisha.

Baiskeli ni jambo tofauti. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kuilazimisha kwa wote, tarehe 1 Julai 1990. Ndani ya mwaka mmoja uvaaji ulipanda kutoka asilimia 31 hadi 75, na majeraha ya kichwa yakapungua. Ila idadi ya vijana waliohesabiwa wakiendesha baiskeli nayo ilishuka, na wanasayansi wanabishana mpaka leo ni kiasi gani cha upungufu wa majeraha kilitokana na kofia na kiasi gani kilitokana na watu kuacha baiskeli.

Kijana wa Melbourne akiacha baiskeli, anapanda treni. Mbeba gunia wa Tunduma akitozwa faini au baiskeli ikakamatwa, amepoteza mtaji. Na semitrela itaendelea kupita pale pale.

Msimamo wetu

Ukiweza kupata kofia nzuri ya baiskeli, vaa, na funga kamba ya kidevuni. Ikishagongwa kwa nguvu, badilisha, kwa sababu povu lililobonyea halirudi. Kofia ya fundi ujenzi siyo mbadala: ile inakinga kitu kinachoanguka juu ya utosi, haikingi ubavu wa kichwa unaogonga lami.

Lakini tusimwambie mtu wa Mpemba kwamba usalama wake unaanzia kichwani kwake. Unaanzia kwenye bega la barabara lililo wazi, malori yasipaki juu yake, na kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini kiheshimiwe na magari makubwa. Hayo yanazuia ajali. Kofia inakuja baada ya hayo kushindikana.

Na wanafunzi wenzetu wa afya ya jamii mlioko Songwe na Mbeya, hapa kuna utafiti unaowasubiri. Kila mwendesha baiskeli anayeletwa majeruhi aulizwe mambo manne: umeumia wapi, ulivaa kofia, ulianguka mwenyewe au uligongwa na nini, na ulikuwa pembeni au katikati ya njia kwa sababu pembeni pamezibwa? Daftari moja na mwaka mmoja vinatosha kuanza. Tutakuwa na namba iliyotoka Tunduma, na hatutalazimika tena kuazima ya Seattle.