Mchuna Matairi

Breki haisimamishi gari. Breki husimamisha gurudumu. Gari husimamishwa na tairi, tena si tairi zima, ni kile kipande tu kinachogusa lami wakati huo, ambacho kwa gari dogo hakizidi sana ukubwa wa kiganja. Viganja vinne ndivyo vinavyobeba abiria, mizigo ya kwenye keria na haraka za dereva aliyechelewa kuondoka. Bado utamkuta mtu kabadilisha pedi za breki, kamwaga mafuta ya breki ya zamani na kuweka mapya, kisha karudi barabarani na matairi vipara. Mvua ya kwanza ikimtelezesha, anamlaumu fundi breki.

Kipara hudanganya kwa sababu kwenye lami kavu hakina neno. Magari ya mashindano hukimbia na matairi yasiyo na mchoro wowote, na kwenye ukavu hushika kuliko haya yetu. Kashata zinazofanya mchoro huo hazikuwekwa kwa ajili ya ukavu, kazi yake ni maji. Mifereji iliyo kati yake hupokea maji yanayokandamizwa na gurudumu na kuyatoa pembeni, ili mpira uifikie lami. Ikiisha, maji hukosa pa kwenda, tairi hupanda juu yake, na usukani ghafla huwa mwepesi mkononi. Hapo ukikanyaga breki, gurudumu husimama vizuri kabisa. Gari ndilo linaloendelea. Mwendo nao una hesabu yake ambayo madereva wengi hawaipendi: ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, umbali wa kusimama kwa breki hauwi mara mbili, huwa mara nne. Hapo hujahesabu zile mita 22 unazopita kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye pedeli.

Nimeanza na breki kwa sababu nataka kumzungumzia mtu anayelipokea tairi likishamaliza kazi hiyo, na siwezi kumsifu bila kueleza anapokea nini.

Tairi jipya la gari dogo huja na mifereji yenye kina cha kama milimita 8. Sheria za Ulaya huliondoa barabarani mifereji ikifika chini ya milimita 1.6. Basi kinacholiwa na barabara ni milimita sita na ushee. Nyuma yake kuna mwili mzima ambao haujaguswa: tabaka za nyuzi, mbavu, pengine mikanda ya waya, na kule kwenye mdomo pete mbili za waya mgumu zinazolibana tairi kwenye rimu. Mwenye gari haoni hayo, anaona takataka. Akilitupa uani litashika maji ya mvua na kulea mbu wa Aedes, wale wanaouma mchana na kueneza dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Akilichoma, mtaa mzima unavuta moshi mweusi.

Kuliyeyusha ndiyo kabisa hawezi. Sufuria iliyotoboka huyeyushwa ikawa sufuria nyingine, na ndoo ya plastiki husagwa ikawa beseni. Mpira wa tairi haukubali. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa haulainiki tena kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Tangu matairi ya upepo yaanze, mpira wake hupikwa hivyo. Salfa huufunga mpira ndani kwa ndani, na kifungo hicho hakifunguki kwa moto wa kawaida: ukilipasha tairi joto haliwi uji, linaungua. Zimebaki njia chache, kulisaga, kulitia kwenye tanuri la saruji likawa kuni, au kulikata. Huyu ninayemsema hukata.

Arusha ni mji unaolijua tairi kwa pande zote. Kiwanda cha General Tyre kilikuwa kikiyatengeneza hapo hapo mjini, kikaacha kuzalisha kabla ya mwaka 2010 kuingia, na habari za kukifufua tumezisikia zaidi ya mara moja. Mafundi wa katambuga, viatu vinavyokatwa kwenye matairi, wao wameendelea. Wapo pembezoni mwa masoko na karibu na stendi, kila mmoja na gogo lake, kama walivyo wenzao wa akala kule Kenya na wa lugabire kule Uganda. Wengi huwapita bila kuwatazama, maana katambuga ni kiatu cha bei ya chini, na sisi tuna tabia ya kudhani kwamba kitu cha bei ya chini kimetengenezwa kwa akili ndogo.

Ninayemtazama mimi ni mzee wa maneno machache. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye mfuko wa saruji: kisu kifupi kilichofuliwa kutokana na springi ya gari, kinoo, plaizi, patasi nyembamba, nyundo, kipande cha chaki na kopo la maji. Mgeni hulidhania kopo lile kuwa la kunywa. Ni la kisu. Mpira hung'ang'ania chuma kikavu. Ukisukuma kisu hivi hivi, kinazama kidogo na kunasa, na mkono unaoongeza nguvu hapo ndio unaokatika kisu kikichomoka. Kikilowa, kinapita. Kwa hiyo mwendo wake ni ule ule tangu asubuhi: kuchovya, kukata mkato mrefu mmoja, kupitisha kwenye kinoo mara mbili tatu, kuchovya. Sijamwona akikata kwa kusukuma mbele na nyuma kama mtu anayekata mkate. Kila mkato ni mvuto mmoja kuja kwake, bega likifanya kazi na kifundo cha mkono kimetulia.

Huanza na mdomo wa tairi. Hapo hakuna kisu kinachopita kwenye zile pete za waya, basi hukata juu yake kidogo, akizunguka hadi pete inatoka nzima na kuwekwa kando. Halafu mbavu. Mpira wa ubavu ni mwembamba na laini kuliko wa kashata, kwa sababu kazi yake barabarani ni kujikunja kila mzunguko bila kuchoka. Ndiyo maana gidamu na kanda za juu hukatwa humo. Kinachobaki ni ukanda mmoja mrefu wa kashata na tabaka za nyuzi zilizo chini yake, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ya kutazamwa.

Ukanda huo ni mnene mno kwa mguu. Ukiukata hivyo hivyo utapata kiatu cha kutembelea kama umefungwa matofali. Lazima upunguzwe, na haupunguzwi kwa kuukwangua juu. Hutenganishwa tabaka na tabaka, pale ambapo mpira ulipikwa pamoja na nyuzi ili visiachane kamwe. Mzee huchokoza kona moja kwa ncha ya kisu mpaka unapatikana mdomo wa kushika. Kijana wake hubana mdomo huo kwa plaizi, huweka mguu kwenye gogo na kuvuta kwa uzito wake wote. Tabaka hazifunguki kwa kuvutwa tu, lakini hukazana, na kwenye mpasuko nyuzi hujitokeza moja moja, nyeupe, zimenyooka. Mzee huzigusa kwa kisu. Kugusa tu, maana uzi uliokazwa hivyo hukatika wenyewe ukiwekewa makali. Unaofuata unajitokeza, anaugusa. Ni kazi ya mchinjaji anayechuna mbuzi bila kuitoboa ngozi, isipokuwa mbuzi huyu alitengenezwa kiwandani makusudi asichunike.

Kosa hapa lina sura mbili. Kisu kikielekea juu kinakula mpira wa soli, na kiatu kitatoboka mahali hapo miezi kadhaa baadaye. Kikielekea chini kinaingia kwenye tabaka nyingine ya nyuzi, na mchuno unahama njia. Mzee haangalii kisu sana. Hutazama mkono wa kijana. Mvuto ukilegea husema "Kaza, mwanangu," na mvuto ukipinda hunyamaza na kuondoa kisu mpaka kijana ajirekebishe mwenyewe. Huyo kijana hajakabidhiwa kisu bado. Nilipomuuliza ataanza lini kukata, alijibu kwamba mzee amemwambia akishaacha kuuliza.

Mguu wa mteja huwekwa juu ya mpira na kuzungushiwa chaki. Urefu wa mguu hufuata mzunguko wa tairi, haukingami, ili mkunjo uliobaki kwenye mpira uinue kidogo ncha ya mbele na kisigino. Ndiyo maana katambuga nzuri hujiviringisha mbele mtu anapotembea. Kisha hutobolewa matundu ya kanda kwa patasi. Tundu hufanywa dogo kuliko kanda inayopita humo. Kanda hulowekwa, huchongwa ncha, huvutwa kwa plaizi hadi inapenya, na mpira ukiachiliwa hujifunga wenyewe kuizunguka. Misumari midogo hufuata kupitia ubavu wa soli, ili kanda isirudi. Kazi ya mwisho ni ya kidole gumba: mzee hukipitisha ndani ya kiatu chote, polepole, akitafuta ncha ya msumari iliyochungulia. Akiipata haigongi irudi. Huung'oa msumari na kupiga mwingine.

Wafugaji ndio wateja wake wa zamani, na sababu yao ni miiba ya mgunga. Mwiba unaopita kwenye ndala ya plastiki bila kupunguza mwendo hukwama kwenye zile tabaka za nyuzi. Walinzi wa usiku nao hununua, na wabeba mizigo wa sokoni. Sokoni asubuhi, sakafu ikiwa na maji na majani ya kabeji, utaona faida nyingine: mpira uliotungwa ili ushike lami bado unashika.

Kipo kisu kingine kinachofanya kazi kwenye matairi yaliyokwisha, na hicho sina sifa nacho. Kuna watu huchukua tairi kipara la gari dogo, wakachonga mifereji mipya kwa chuma cha moto, wakalipaka rangi nyeusi na kuliuza kama tairi lenye kashata. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa na mpira wa ziada chini ya mifereji na kuandikwa ubavuni kwamba yanaruhusiwa kuchongwa upya. Hayo ni mambo mengine. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Anayelichonga anakata ule mpira mwembamba uliokuwa ukizifunika nyuzi, na mnunuzi anaondoka na mfereji mzuri wa kutazama ulio karibu kabisa na mpasuko. Mkono unaweza kuwa na ustadi mkubwa katika kazi ya namna hiyo, na bado ningemnyima mwenye mkono huo salamu. Unaponunua tairi la mtumba, tazama tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zenye makali mapya juu ya tarakimu za zamani ziulizwe maswali.

Mzee wangu ana tatizo lake, na limeletwa na maendeleo yenyewe. Matairi aliyojifunzia yalikuwa ya nailoni tupu, nyuzi zimekingamana tabaka juu ya tabaka. Lakini tangu Michelin wapate hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, dunia imehamia huko, na kwa haki: chini ya kashata za radiali kuna mikanda ya waya inayoiweka sehemu ya kukanyagia ikiwa bapa, kashata zinakaa sawasawa juu ya lami, na breki inapata mpira wa kutosha kushika. Ukitaka kusimama salama, hilo ndilo tairi la kununua. Ukitaka kulichuna, ni balaa. Waya hula makali ya kisu kabla hujamaliza kuapa, na ncha zake zilizokatika huchoma mkono leo na mguu wa mteja kesho. Likiletwa, mzee hulipiga ngumi, husoma ubavuni, hulirudisha.

Bodaboda ndizo zilizomwokoa. Matairi mengi ya pikipiki hizo bado ni ya nailoni, nayo huisha haraka, hasa la nyuma, linalovuta mzigo na abiria wawili na kuliwa katikati mpaka linakuwa bapa. Ubapa huo dereva hautaki, maana pikipiki hulala kwenye kona na tairi bapa halilali vizuri. Mzee anautaka, kwa kuwa juu yake ndipo mguu utakapokaa. Tairi ni jembamba pia, halihitaji kuchunwa sana, na mbavu zake zinatosha kanda za jozi nzima.

Ila ana sharti. Kijana wa bodaboda alikuja na tairi la nyuma lililokwisha hadi nyuzi zikaonekana, akamwamkia na kuliweka juu ya gogo. Mzee aliitikia marahaba, akalizungusha mara moja, akalisukuma.

"Hili umelipanda mpaka lini?"

"Mpaka leo, babu."

"Na jana ilinyesha."

Kijana akacheka, akaanza kushusha bei. Mzee akamwambia kwamba bei siyo neno, mpira ndio haupo. Kwamba ananunua tairi lililotolewa likiwa bado na vijistari, na hilo hulilipia zaidi, na aliyekwenda nalo hadi kwenye nyuzi hampi hata mia. Akamwonyesha kwa ncha ya kisu, kwenye tairi jingine, kina anachokitaka: pale vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mfereji vinapolingana na kashata. Ni alama ile ile ambayo mtengenezaji huiweka kumwambia dereva abadilishe tairi. Kijana hakuwahi kuiona. Aliinama akaitazama, kisha akaenda kwenye pikipiki yake kulikagua tairi la mbele.