Mama Kabla ya Mtoto

Hapa Kisoko mwanamke akijifungua hubadilika jina. Jana alikuwa binti wa fulani, leo ni Mama Owor. Asiyelipata jina hilo huonja upweke hata akiwa katikati ya watu. Ndiyo maana nikisoma *Coming to Birth*, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotoka mwaka 1986, naona kama imeandikwa jirani. Paulina wake ni Mjaluo wa Kenya, nasi Jopadhola wa hapa Uganda na Wajaluo ni ndugu wa asili na lugha.

Paulina anaingia Nairobi kwa treni mwaka 1956, msichana wa miaka 16, mjamzito. Mimba inaharibika. Anapotea mjini, na anapopatikana, mumewe Martin anampiga. Tangu hapo ana hesabu moja tu: mtoto wangu nitampata lini? Simlaumu. Mwenye kidonda hukitazama kidonda chake. Lakini Macgoye anatuonyesha, kwa upole mkubwa, kwamba mtoto anayetamaniwa hivyo anasubiriwa aje kumfutia mama aibu.

Anampata Okeyo, nje ya ndoa. Oktoba 1969, polisi wanapofyatua risasi Kisumu siku ya ziara ya Rais Kenyatta, mtoto huyo anauawa. Mwandishi mwingine angetutoa machozi kurasa nzima. Macgoye anabana maneno, na uchungu unabaki na msomaji.

Miaka inapita. Paulina yuko tena Nairobi, mtumishi katika nyumba ya mbunge, na macho yake yanaanza kuwaona watoto wa mitaani. Anawapa chakula. Hatoi hotuba, wala mwandishi hatuambii kwamba sasa amekomaa. Tunauona tu mkono ukitoa, bila kutazamia jina wala sifa.

Kisha, mwishoni, anashika mimba tena. Hapo ndipo ninapoupenda ufundi wa Macgoye: mpangilio. Mimba hiyo ingetangulia, ingekuwa tuzo ya kuvumilia. Imekuja nyuma, inamkuta Paulina amekwisha kuwa mama.

Nina jirani hapa ambaye hakujaliwa kuzaa. Alfajiri huteleka sufuria ya uji wa wimbi, na watoto wanaopita kwenda shule hunyoosha vikombe. Humwita Mama, basi, bila jina la mtoto kufuata.