Papa Si Mhusika Mkuu

Mara ya kwanza niliitazama filamu ya Soul Surfer kwenye kibanda umiza pale Ngerengere, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Mabenchi ya mbao, joto la mabati, na kaka mmoja mwenye maikrofoni anatutafsiria papo kwa papo huku akiongeza chumvi yake. Ngerengere haina bahari. Tuna mto wenye jina la mji wetu, na kiangazi watoto wanauvuka kwa miguu. Kwa hiyo msichana kusimama juu ya ubao na kubebwa na wimbi, kwetu ilikuwa kama kiini macho. Lakini si hicho kilichojaza banda. Watu walikuwa wameambiwa kuna papa.

Papa alipotokea, banda zima lilipiga kelele. Dakika kumi baadaye benchi la nyuma likaanza kupungua. "Papa keshaondoka," jamaa mmoja alimwambia mwenzake, "twende zetu."

Niliwacheka. Leo nadhani walikuwa watazamaji waaminifu kuliko mimi, maana walifanya kile ambacho filamu yenyewe iliwafundisha.

Kwa ambao hawamjui: Bethany Hamilton alizaliwa mwaka 1990 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwenye familia ya watu wa mawimbi. Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba 2003, akiwa na miaka 13, amelala juu ya ubao pamoja na rafiki yake Alana Blanchard, papa alimng'ata mkono wa kushoto karibu na bega. Baba yake Alana alimfunga jeraha kwa kamba ya ubao. Alifika hospitali akiwa amepoteza asilimia 60 ya damu yake. Baba yake mwenyewe alikuwa apasuliwe goti asubuhi hiyo hiyo. Binti ndiye aliyeingizwa chumba cha upasuaji badala yake. Kabla mwezi haujaisha, alikuwa amerudi majini.

Ukiisikia hadithi hii unaelewa kwa nini wachapishaji hawakusubiri. Kitabu cha Soul Surfer, alichoandika kwa kusaidiwa na Sheryl Berk na Rick Bundschuh, kilitoka mwaka 2004. Sasa hebu piga hesabu, ndugu msomaji. Mwandishi alikuwa na miaka 14. Ubingwa wake wa taifa wa vijana wa Marekani aliupata mwaka 2005. Alianza rasmi kushindana kama mchezaji wa kulipwa mwaka 2007. Yaani kitabu kinachojulikana dunia nzima kama maisha ya bingwa huyu kilitoka kabla bingwa hajapatikana. Filamu ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Sean McNamara, ikaja kugandisha picha hiyo hiyo: papa, hospitali, machozi, kurudi majini, mwisho.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kitabu kina uzuri wake. Sauti ni ya mtoto kweli, haijipambi, na imani anayosema ndiyo iliyomshikilia anaieleza kama kitu cha nyumbani kwao, si cha kumuuzia mtu. Filamu nayo ina jambo moja la ujasiri: kwenye mashindano ya mwisho Bethany hashindi. Anapata wimbi zuri kuliko yote, lakini muda umeshakwisha, halihesabiwi. Ni filamu chache za michezo zinazothubutu hivyo. Na kwenye matukio ya baada ya ajali, anayeteleza ni Bethany mwenyewe, wakati AnnaSophia Robb aliyeigiza nafasi yake alivaa soksi ya kijani mkononi ili mkono ufutwe kwa kompyuta.

Lakini swali langu ni hili: mtu anatelezaje kwa mkono mmoja? Kitabu na filamu vinaligusa na kupita. Kuna kishikio ambacho baba yake alimfungia juu ya ubao, ili aweze kuuzamisha chini ya wimbi linalokuja asirudishwe ufukweni. Kile kishikio kwangu ni kikubwa kuliko papa. Ndani yake kuna baba anayefikiri, binti anayejaribu na kuanguka, na fundi wawili wanaotatua tatizo ambalo hakuna aliyewaachia jibu lake. Filamu inakionyesha, halafu inakimbilia muziki.

Hapa inabidi niseme kwa nini jambo hili linaniuma.

Miaka michache iliyopita niliandika makala kuhusu dada mmoja wa huku kwetu anayecheza mpira wa miguu. Alikuwa amepoteza mkono wa kushoto kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Nilikaa naye siku mbili. Aliniambia mengi. Kwamba zamani alikuwa winga wa kulia, lakini baada ya ajali alihamia kushoto, ili mkono uliobaki uwe upande wa beki na upande mtupu uelekee chaki. Kwamba amejifunza kuanguka kwa bega. Kwamba mpira wa kurusha anawaachia wenzake, na kwa hiyo huanza kukimbia mapema kuliko wote. Kwamba hufanya mazoezi kandokando ya reli kabla ya kwenda kuchota maji.

Unajua nilianzaje makala? Nilianza na mashine. Aya nne za mashine. Mambo ya winga niliyakata ili kuokoa nafasi. Ilisomwa sana, watu wakalia, mimi nikapongezwa ofisini.

Nilipompelekea nakala aliisoma yote kimya, akaikunja, akasema: "Dada, mashine umeiandika vizuri sana. Mimi sijajiona."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya kibanda umiza cha maandishi.

Ndiyo maana nawashauri wanaompenda Bethany wasiishie kwenye Soul Surfer. Watafute Unstoppable, filamu ya maisha halisi ya Aaron Lieber iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Humo papa anapewa dakika zake na kuondoka, halafu hadithi ndiyo inaanza. Tunamwona mwanamke mtu mzima, mama wa mtoto mchanga, akianguka, akirudia, akilaumu mguu wake, akijipima na Jaws, wimbi la kutisha la kisiwa cha Maui. Mwaka 2016, karibu mwaka mmoja baada ya kujifungua, alialikwa kwenye mashindano ya Fiji. Akamtoa Tyler Wright aliyekuwa anaongoza dunia wakati huo, akamtoa Stephanie Gilmore aliyekuwa na mataji sita ya dunia, akamaliza wa tatu. Mashabiki wengi wa filamu ya 2011 hawaijui habari hii. Inawezekanaje? Ni kama kumjua mkulima kwa mafuriko yaliyombomolea nyumba, bila kujua alilima nini.

Na sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kufuata. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958, Siti alikuwa ameshafariki tangu 1950. Kazi yake ilikuwa imekamilika na ingeweza kutazamwa nzima. Mwanamke wa Fumba, fukara, aliyedharauliwa kwa asili yake na hata kwa sura yake: angeweza kabisa kuandikwa kama hadithi ya kuonewa. Shaaban Robert hafichi dhiki hiyo, ila haimezi hadithi. Anatuonyesha vyungu, sauti iliyokomaa katika kuvitembeza, walimu, kundi la wanamuziki, santuri zilizorekodiwa Bombay. Sifa anazidisha, kweli, na mawaidha hayamwishi. Kuna kurasa unatamani anyamaze kidogo umsikie Siti. Lakini ukifunga kitabu unajua huyu mama alikuwa mwimbaji, na unajua aliufikiaje uimbaji.

Wanawake wanaoshinda huwa tunawadai kwanza jeraha, ndipo tuwape nafasi gazetini. Wanaume tunawauliza walifungaje bao. Wanawake tunawauliza waliteseka vipi. Mimi mwenyewe nimeuliza hivyo, kwa kalamu yangu, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Mwezi uliopita nilipanda treni ya SGR kwenda kuwasalimia wazee, nikapita uwanjani jioni. Yule dada sasa anafundisha wasichana wadogo. Alikuwa amemshika mmoja bega, anamwonyesha namna ya kuanguka bila kuumia. Nilimwomba ruhusa ya kuandika upya.

"Utaanzia wapi safari hii?" akauliza.

Nikamwambia: upande wa kushoto, karibu na chaki.